Ganzi ya Jumapili

Kama ni kujikaza, Upupu alikuwa amejikaza vya kutosha. Tangu Jumapili hakumpigia Fundi simu, hakumtumia ujumbe, wala hakukanyaga mtaa wa maduka. Jumatano mchana uvumilivu ukamwishia. Alivua koti jeupe la maabara, akalitundika nyuma ya mlango, akawaaga wenzake kwamba anakwenda kurekebisha miwani yake. Wenzake wakatazamana. Mwanamke huyo hajavaa miwani tangu azaliwe.

Jina la Upupu hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na shemeji yake mtarajiwa, mdogo wake Fundi, siku ya kwanza alipokwenda kutambulishwa. Aliulizwa mezani anafanya kazi gani, naye, kwa kuwa ni mtu asiyejua kuzungukazunguka, akajibu kwamba anawapaka watu upupu kisha anawauliza wanawashwa kiasi gani. Shemeji alicheka mpaka maji yakampanda puani. Mama yake Fundi hakucheka. Alisogeza kiti chake nyuma kidogo, kama kwamba upupu wenyewe umo mkobani.

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Upupu alianza kama daktari wa ngozi, na hospitalini alikutana na wagonjwa ambao hakuna aliyewaonea huruma, kwa sababu watu husema kuwashwa hakuui. Walikuwapo waliojikuna mpaka shuka zikashika damu. Alikuwapo mwalimu aliyeacha kufundisha kwa sababu hakuweza kusimama mbele ya darasa bila kujikuna, na wanafunzi wakaanza kumwiga. Marhamu alizowaandikia zilisaidia nusu, au hazikusaidia kabisa. Ndipo alipoacha hospitali akaingia maabara, kutafuta jinsi ngozi inavyoupelekea ubongo habari ya muwasho, na baadaye kutafuta mmea utakaoikamata habari hiyo njiani.

Aliupata. Lilikuwa gugu tu, lenye majani ya kunata, linalotambaa kwenye uzio nyuma ya maabara, na alikuwa amelikanyaga miaka mingi kabla ya kulichuma. Dawa aliyoitoa humo ilizima muwasho na kuuacha mguso mzima. Mama yeyote angeweza kuipaka viganjani na bado akasikia joto la mwanawe. Hayo ndiyo maneno yaliyompatia nafasi ya miaka mitatu katika taasisi kubwa ya ng'ambo, mahali alipokuwa akipaota tangu akiwa mwanafunzi.

Na nafasi hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Si kwamba Fundi alimkataza. Fundi alikuwa tayari kufunga duka lake la miwani amfuate. Alichokosa ni uhakika. "Sitaki unichukue kwa huruma," alimwambia ile Jumamosi, wamekaa kwenye ngazi za mbele ya duka. "Kama unanitaka kule, niambie. Kama ungependa kwenda peke yako, niambie pia, ila si kwa mdomo. Masikio yangu hayataweza kulibeba neno hilo."

"Nikuambie kwa nini basi, kwa pua?"

"Kesho kwa mama. Nitakushika mkono chini ya meza. Ukinibonyeza, nasimama pale pale namwambia mama tunaoana na tunakwenda. Usiponibonyeza, nitakula chakula changu ninyamaze, na sitakuuliza tena."

Upupu alicheka, akakubali. Jibu alikuwa nalo hapo hapo, lipo tayari kwenye ncha ya ulimi. Ila alilipenda wazo la kulitoa kwa vidole, mama mkwe amekaa pale hajui lolote.

Jumapili ikaja, ikapita, na hakuna mkono uliomshika. Upupu alikaa mezani roho juu juu. Kila sahani ilipopitishwa alijiweka sawa, akisubiri. Alimwuliza mama habari za mguu wake unaomsumbua, akasikiliza jibu bila kusikia hata neno moja. Chakula kikaisha, vyombo vikaondolewa, Fundi akainuka akasema ana kazi dukani. Jumapili, kazi gani? Upupu alirudi kwake, akalala chali akihesabu makosa yake na ya Fundi. Ya Fundi yalikuwa mengi zaidi.

Sasa alisukuma mlango wa duka. Fundi alikuwa ameinama juu ya mashine ya kusagia vioo, maji yakitiririka taratibu juu ya kioo alichokishika kwa vidole vya mikono miwili. Hakuinua kichwa mpaka alipokizungusha kioo chote. Kisha akazima mashine, akajifuta mikono, akamtazama.

"Karibu, Daktari," alisema.

Hapo ndipo Upupu alipojua kwamba mambo yameharibika kweli. Fundi alikuwa amemwita mpenzi, akamwita mama watoto kabla ya watoto wenyewe, akamwita Upupu mbele za watu mpaka akazoea. Daktari hajamwita hata siku moja.

"Nimekuja unipime macho," alisema, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Macho yako ni mazima."

"Hayawezi kuwa mazima. Jumapili nimekaa pale mlo mzima nikitafuta kitu, sikukiona."

Fundi alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho tayari kilikuwa kikavu. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Usinifanye mtoto. Ulisema utanishika mkono."

"Nilikushika."

Alilisema kwa sauti ndogo, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomkera Upupu kuliko kama angepiga kelele. "Ukanishika?"

"Nikakushika, nikakubonyeza, nikasubiri. Nikajiambia labda unaona haya. Nikakubonyeza tena kwa nguvu, mpaka nikaogopa nakuumiza. Wewe ukaendelea kumwuliza mama kama mguu unamuuma zaidi asubuhi au jioni." Alikiweka kile kioo chini. "Nilisema sitakuuliza tena, na sijauliza. Sasa umefuata nini? Umekuja kuhakikisha kama nimelia? Nimelia. Haya, nenda."

"Fundi, hukunishika."

"Basi nilishika mguu wa meza, ukiwa na vidole vitano na pete."

Neno pete lilimkamata Upupu. Pete anayo moja tu, ya marehemu bibi yake, na anaivaa kushoto. Siku zote Fundi hukaa upande wake wa kulia. Jumapili walipokuwa wakikaa, mama alimwita, "Daktari, njoo huku karibu nami, nisikie vizuri unachosema," wakahamahama viti, na Fundi akajikuta upande wa kushoto.

"Mkono wa kushoto," alisema.

"Kwani nilikuwa nimekaa wapi?"

Upupu alikuwa ameugeuza ule mkono kwenye mwanga wa dirisha na kuutazama kama vile ni wa mtu mwingine. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na lengelenge lililoanza kunywea. Aliliona Jumapili jioni baada ya kuchemsha chai, akadhani ni upupu uliobaki wa asubuhi. Hakukumbuka kuungua. Mtu hukosaje kukumbuka kuungua?

Asubuhi ya Jumapili alipitia maabara. Chupa mpya ilikuwa imetoka Ijumaa, kali kuliko zote zilizotangulia, na kanuni inasema usijijaribu mwenyewe bila kibali. Lakini Upupu alikuwa na desturi mbaya ya kutaka ngozi yake iwe ya kwanza, asimpake mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Aliupaka mkono wa kushoto wote, mbele na nyuma, mpaka kwenye kifundo. Akasubiri. Akauweka upupu. Hakuna kilichowasha, hata kidogo. Alicheza peke yake kati ya meza na friji, akifurahi kama mwehu. Baada ya hapo, kazi inataka mtu afumbe macho na kugusishwa nyuzi za nailoni, nene kwa nyembamba, aseme anapohisi. Hilo amelifanya mara nyingi mno kwa chupa zilizopita, na mguso ulikuwepo kila mara. Akatazama saa. Mama mkwe hapendi wachelewaji. Akanawa mikono, akaondoka.

"Nyuzi," alisema kwa sauti. "Sikupima nyuzi."

"Nini?"

"Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Fundi, sikukusikia. Nilikuwa nakusubiri mlo mzima, na wewe umeshika mkono wangu, na mimi sikusikii." Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. "Nilikuwa nimekubali tangu Jumamosi. Pale pale kwenye ngazi. Nilikuwa nimekubali."

Alidhani Fundi atamrukia amkumbatie. Fundi hakusogea.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Mimi si msomi wa mambo hayo, lakini umenifundisha mwenyewe. Dawa inazima muwasho, mguso inauacha. Umenisomea maneno hayo mpaka nikayajua kwa moyo. Umeyasema kwa watu wa ng'ambo. Leo yamebadilika kwa sababu yanakufaa?"

"Ni chupa mpya. Ni kali zaidi. Sikuipima mpaka mwisho."

"Unayo?"

Ilikuwa mkobani. Tangu Jumapili alikuwa akitembea nayo kama wengine wanavyotembea na picha ya mtoto. Aliitoa akaiweka juu ya kabati la vioo. Fundi alikunja mkono wa shati, akanyoosha mkono wake juu ya kabati, kiganja juu.

"Nipake. Nikifa ganzi, nitakuamini."

Upupu aliutazama mkono ule. Vidole virefu, ncha zake laini kwa kusugua vioo siku nzima, vidole vinavyojua kwa kupapasa tu kwamba kioo kimepinda mahali ambapo jicho halioni. Ilikuwa rahisi sana. Tone moja tu, kisha kusubiri kidogo, na ugomvi wote ungekwisha.

Aliichukua chupa akairudisha mkobani.

"Sikupaki."

"Unaona?"

"Sikupaki, Fundi. Sijui inakaa muda gani. Kwangu iliisha usiku, kwako sijui. Sijui inafika wapi ndani. Vidole hivyo ndivyo duka lako. Usiniamini, sawa. Nikatae, sawa. Lakini mkono wako siuchezei ili mimi nionekane mkweli."

Mtaani watu walipita, mmoja akasimama kujitazama kwenye kioo cha dirisha, akapanga nywele, akaenda zake. Fundi alikuwa bado amenyoosha mkono juu ya kabati. Taratibu aliurudisha, akateremsha mkono wa shati, akafunga kifungo. Kisha akazunguka kabati, akapiga magoti mbele ya kiti cha wateja, akashika kidole chenye lengelenge akakitazama kwa karibu, kama anavyotazama kioo chenye ufa.

"Hili uliungua lini?"

"Jumapili jioni. Birika."

"Na hukusikia."

"Sikusikia."

Upupu akaona usoni mwake jinsi alivyoamini. Haikuwa ghafla. Ilianzia kwenye paji la uso, mikunjo ikalegea, kisha macho, kisha mdomo ukatetemeka kidogo. Alimwegemezea kichwa magotini, na Upupu akaingiza vidole katika nywele zake, na wote wawili wakakaa hivyo kama watu waliotoka msibani. Alimpenda. Alimpenda kuliko alivyowahi kujiruhusu kukiri, na nusura ampoteze kwa tone la dawa yake mwenyewe.

Fundi ndiye aliyeinua kichwa kwanza. "Subiri," alisema. "Kama ni kweli hukunisikia, basi ile dawa..."

"Ndiyo."

"Na ile nafasi waliyokupa ni kwa sababu ya..."

"Ndiyo, Fundi."

Alisimama, akazunguka duka lile dogo, akasogeza fremu zilizokuwa zimenyooka tayari. Aliporudi alikuwa amekwisha kuamua jambo. "Basi tuseme ulinikataa."

"Unasema nini?"

"Jumapili ulinikataa, Jumatano umebadili mawazo. Wanawake hubadili mawazo, nani atauliza? Mimi najua ukweli, unanitosha. Chupa hiyo uimwage, uendelee na zile za zamani. Umetafuta kitu hiki ujana wako wote. Usikipoteze ili mimi nipone."

Upupu hakuwahi kupewa zawadi kubwa kama ile. Mwanamume aliyekuwa tayari kuitwa aliyekataliwa, mbele ya mama yake na mdogo wake mwenye maneno, ili yeye apande ndege. Alitamani kuipokea. Kwa muda mfupi aliipokea kabisa, akajiona kule, koti jipya, maabara yenye madirisha makubwa, Fundi akimsubiri nje.

"Kule ndiko wanakotaka dawa kali," alisema mwishowe. "Wameniandikia hivyo. Za zamani zinazima muwasho kwa muda mfupi tu, hazimfikishi mgonjwa asubuhi. Wataitengeneza hii hii, nitake nisitake. Halafu mama mmoja ataipaka viganjani, aende jikoni, ashike sufuria ya moto na asijue. Ataona ngozi inababuka, atashangaa kama mimi. Mimi ni daktari wa ngozi, Fundi. Siwezi."

"Labda ni wewe tu. Labda kwa wengine..."

"Labda. Ndiyo maana lazima ipimwe, na lazima niseme."

Mlango ulilia. Mama yake Fundi alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika mfuko wenye chombo cha chakula. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini, ila uso wake ulisema ni tangu zamani kidogo.

"Shikamoo, mama," Upupu alisema, akiinuka haraka na kufuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Marahaba." Mama aliweka chombo juu ya kabati, akamtazama mwanawe aliyekuwa na vumbi magotini. "Mimi nilimwona."

"Ulimwona nani, mama?" Fundi aliuliza.

"Wewe. Jumapili. Mtu wa umri wangu hachezewi chini ya meza yake mwenyewe. Nilikuona unavyohangaika na mkono wa mwenzio mpaka bega linatikisika, na Daktari ametulia tuli ananiuliza habari za mguu." Alishusha pumzi. "Nikafurahi. Nisidanganye, nilifurahi sana. Nikasema moyoni, hamtaki, mwanangu anabaki. Dada yako alikwenda ng'ambo kusoma, nikaambiwa ni muda mfupi. Sasa wajukuu zangu nawajua kwa sauti za simu, na wananiongelesha kama mtu wa ofisini."

Mama alianza kufungua kifuniko cha chombo, akakifunga tena.

"Jioni huyu akasema ameshiba. Jumatatu akasema ameshiba. Jana ameshiba. Tangu nimzae huyu hajashiba. Nikaona hii furaha yangu haina maana, namshika mtoto nyumbani halafu mtoto mwenyewe hayumo. Leo nikasema nimletee, nimkalie hapa mpaka ale." Akamgeukia Upupu. "Haya, hayo ya dawa yako nimeyasikia, sikuyaelewa yote. Nataka kitu kimoja, na nakitaka kwa mdomo. Mambo ya vidole yameshatuharibia. Unamtaka huyu au humtaki?"

Upupu amesimama mbele ya maprofesa wenye nywele nyeupe, ametetea kazi yake kwenye kumbi za watu mia, na sauti haikumtetemeka. Ilimtetemeka sasa.

"Namtaka, mama. Nikipata safari namtaka aje nami, na nikimchukua nitamrudisha, nakuahidi. Nikiikosa namtaka hapa hapa, na duka lake, na wewe jirani. Nilimtaka Jumapili pia. Sikujua tu kwamba ananiuliza."

Mama alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa, bali kama mtu anayepima uzito wa mzigo. "Na hiyo safari?"

"Sasa hivi nitajua."

Alitoa simu kabla ujasiri haujamtoroka. Fundi alisema, "Ungesubiri basi hata kesho," naye akatikisa kichwa. Profesa wake, mzee aliyemfundisha kushika sindano ya maabara, alipokea akiwa mchangamfu, akauliza kama ameanza kufunga mizigo. Upupu alimweleza yote, bila kupamba: chupa mpya, mkono wa kushoto, nyuzi ambazo hakuzipima, lengelenge. Ya Fundi hakuyaficha pia. Alisema kuna mtu alimshika mkono kwa nguvu na yeye hakusikia lolote, na mashahidi wapo.

Profesa akasema, "Unajua maana yake?"

"Najua."

"Ulijipaka bila kibali, hilo tutalizungumza ofisini. Hili lingine itabidi niwaandikie leo hii. Nafasi wataisimamisha. Wanaweza kumpa mwingine."

"Najua, Profesa."

"Kesho asubuhi uje na hiyo chupa tuanze upya." Akakohoa. "Kuna waliowahi kukaa na jambo kama hili mezani mwangu na wasiseme. Umefanya vizuri, binti yangu. Ninaumia, lakini umefanya vizuri."

Simu ilipokatika, Upupu aliiweka juu ya kabati, pembeni ya chakula. Alitaka kusema neno la kuchekesha, kwamba angalau sasa anahitaji miwani kweli, lakini mdomo ulikataa. Alikuwa ameona lango likifungwa, na ni yeye aliyelifunga. Machozi yalimwagika bila kwikwi, akasimama nayo katikati ya duka, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi.

Fundi alipiga hatua kumfuata. Mama alikuwa ameshamtangulia, fimbo na yote. Alikivuta kile kiti cha wateja, akakipangusa kwa upande wa kanga yake, akakisukuma mpaka kikagusa magoti ya Upupu kwa nyuma.

"Kaa," alisema. "Mkwe wangu halii akiwa amesimama."